Juu Nini, Mama?

Kwako mama yangu Kabale, muuza maziwa wa Isiolo,

Salaam aleikum. Najua ungecheka, maana mtu hamsalimii mama yake kwa karatasi akiwa amekaa ndani ya nyumba yake. Lakini ndivyo nilivyo leo. Niko hapa mtaa wa Kiwanjani, kwenye kiti chako cha plastiki, kile cha kijani chenye mguu uliofungwa waya, na televisheni yako iko mbele yangu. Nimeizima sasa hivi. Imetoka kukuonyesha wewe.

Wameanza kurudia Karata ya Mwisho, mama. Kila Jumamosi saa kumi jioni, vipindi vile vile vya zamani, nyuso zile zile, na leo ilikuwa zamu yako. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikikuona nitatulia. Sikutulia hata kidogo. Nimeshika kalamu kwa sababu kuna sentensi yako moja niliyoikatiza, na sasa hakuna mtu duniani wa kunimalizia. Hilo ndilo linaloniua. Mengine yote nitakayokuambia yanazunguka hapo hapo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakitazama? Hatukuwa na televisheni wakati huo. Tulikuwa tunaenda kwa Mama Ralia, nyinyi wanawake wa maziwa mkiwa mmekaa mkekani na madumu yenu matupu yamepangwa mlangoni. Karata saba kubwa zimelazwa kifudifudi. Mtangazaji anafunua ya kwanza, na mchezaji anasema inayofuata ni juu au ni chini, yaani inaizidi ile au haiizidi. Ukipatia mpaka ya saba, zawadi ni yako. Ukikosea, inalia kengele mbaya, unapewa mkono na kitu kidogo cha kukupoza. Wewe ulikuwa unawafokea wale watu kana kwamba wamekukosea adabu. “Chini, wewe mtu! Hata huna macho?” Ralia na mimi tulikuwa tunacheka mpaka tunalala chini.

Halafu mwaka ule zawadi ikawa friza. Maziwa ya ngamia yalikuwa yanakufikia asubuhi kutoka Ngaremara, na kama hujayamaliza mpaka saa sita, jua la Isiolo unalijua mwenyewe. Usiku ule hukuongea. Asubuhi ukaniamsha kabla ya shule, ukaweka karatasi mbele yangu.

“Andika,” ukasema. “Waambie mimi nataka hiyo friza juu maziwa yangu inaharibika na jua.”

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na wa kwanza darasani kwa Kiswahili, kwa hiyo unaweza kufikiria kiburi changu. Nikaandika: “Ninaomba nafasi ya kushiriki kwa sababu maziwa yangu huharibika kutokana na joto.” Nikakusomea. Ulisikiliza mpaka mwisho, umeweka kichwa upande.

“Hiyo ni mimi nimesema?”

“Ndiyo, mama. Lakini vizuri.”

“Basi huyo mama wa barua ndio aende Nairobi,” ukasema, ukacheka, ukaenda zako sokoni.

Nilidhani ulikuwa unanisifu. Miaka mingi nilisimulia kisa hicho kwa walimu wenzangu kama mzaha mzuri, na kila mara niliposimulia nilikuwa mimi ndiye shujaa.

Barua ikajibiwa. Mji ukasikia. Mzee mmoja wa msikitini akaja kukuuliza kama ni kweli unakwenda kucheza karata mbele ya watu, mwanamke mzima mwenye heshima zake. Ulimkaribisha chai, ukamwambia kwa upole, “Mzee, mimi sichezi karata. Nasema juu na chini tu, kama mtu anaonyesha mgeni njia.” Akanywa chai yake, hakurudi tena.

Tulisafiri na basi la alfajiri pamoja na madumu ya maziwa ya watu wengine. Ulivaa dirac ya zambarau, gauni lile refu jepesi, uliyoazima kwa Mama Ralia. Pale studio wakanikalisha safu ya pili. Mtangazaji alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake laini, suti nyeupe, na alipokutambulisha alisema, “Huyu ndiye Mama Talaso kutoka Isiolo, aliyetuandikia barua ya Kiswahili fasaha kabisa.” Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nayapokea yale makofi, mama. Wewe ulikuwa umesimama tu.

Ukaanza. Chini, ukapatia. Juu, ukapatia. Juu tena. Chini. Juu. Nilikuwa nimeuma mtandio wangu. Karata ya sita ikafunuliwa, kingi. Hapo hata mtoto mdogo anajua. Juu ya kingi kuna esi peke yake; sema chini, chukua friza yako uende nyumbani. Studio nzima ikanyamaza kukungoja.

Na wewe hukusema kitu. Uliangalia watu wa upande huu, ukaangalia wa upande ule, polepole, kama mtu aliyeingia nyumba mpya. Ukaniangalia mimi. Ukatabasamu.

“Mbona wakawia, mama?” mtangazaji akauliza. “Juu ama chini?”

“Juu...”

“Amesema juu!” Akaifunua karata kabla hujafunga mdomo. Ilikuwa nne. Kengele ikalia, watu wakacheka, na wewe ukabaki umeinua kiganja kidogo, kama mtu aliyekuwa anataka kuongeza sukari akakuta kikombe kimeondolewa.

Alikuuliza maswali mawili kwa pumzi moja, na wewe ukajibu la kwanza. Mtu wa pwani hangejua. Kwake juu ni juu. Lakini mimi nilijua. Nimezaliwa ndani ya juu yako. “Usiende huko, juu kuna mbwa.” “Kula, juu kesho hakuna.” Nilijua pale pale kwamba hukuwa umejibu, ulikuwa unaeleza, na nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwako. Ningesimama niseme, “Hajajibu huyo.” Mtoto akisema, watu husikiliza. Nilikaa. Nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa juu ya mtangazaji, ilikuwa juu yako. Wakakupa chupa ya chai ya bati yenye maua mekundu, tukatoka.

Nanyuki basi likasimama, tukaingia hotelini. Uliweka ile chupa mezani. Ulikunywa chai nusu kikombe ndipo ukasema, bila mimi kukuuliza:

“Yule mtu aliniuliza kwa nini nachelewa. Mimi nilikuwa namwambia, juu sijawahi kaa mahali watu wote wamenyamaza wananisikiliza mimi. Nilitaka ikae kidogo.”

Ndivyo ulivyosema. Nimeyaweka maneno hayo yote, hakuna hata moja lililopotea. Lakini unakumbuka nilivyokujibu? Mimi nakumbuka. Nilisema, “Si ungesema kwa sababu, mama. Ungesema kwa sababu, saa hii tungekuwa na friza.”

Uliangalia yale maua mekundu kwenye chupa. “Ni kweli,” ukasema.

Shuleni waliniita Mtoto wa Mama Juu mpaka nikamaliza darasa la nane. Niliapa. Watu wengine huapa kulipiza kisasi, mimi niliapa kusema Kiswahili ambacho hakuna mtu atakicheka. Nikawa mwalimu wa Kiswahili, na mwanafunzi wangu wa kwanza, na wa kudumu, ulikuwa wewe. Nikipiga simu: “Maziwa inauzika siku hizi.” Yanauzika, mama. “Kuja Idd.” Ni njoo, mama. “Sikupiga simu juu stima ilipotea.” Kwa sababu, mama, kwa sababu. Mwanzoni ulikuwa unacheka. Baadaye ukawa unarudia baada yangu, taratibu, kama mtoto wa chekechea. Mwisho ukawa na maneno machache unayoyaamini. Hujambo. Salama. Haya. Mimi nikawaambia walimu wenzangu kwamba mama yangu si mtu wa maneno mengi. Nilisema hivyo, mama, kuhusu wewe uliyekuwa unagombana na televisheni.

Sasa nakuja kwenye ile Jumanne uliyonipigia simu.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa chumba cha walimu, karatasi za mtihani wa kidato cha pili zimejaa mezani, kalamu nyekundu mkononi. Ukapiga wewe, jambo ambalo hukuwa unafanya.

“Talaso,” ukasema, “kuja Ijumaa, juu...”

“Mama. Ni njoo. Na ni kwa sababu.”

Sikusema kwa ubaya. Nilisema nikicheka, hata mwalimu wa meza ya pili akacheka. Wewe ukanyamaza. Nyuma yako nilisikia mwanamke anabishana bei ya kikombe cha maziwa. Nilingoja umalizie kwa Kiswahili safi, na nafikiri na wewe ulikuwa unayatafuta hayo maneno safi, ukayakosa.

“Haya, mwalimu,” ukasema. “Maliza kazi yako.”

Ukakata. Ningepiga tena. Vidole vyangu vilikuwa vizima, na simu ilikuwa na chaji. Nilichukua karatasi iliyofuata, na wa kwanza niliyemkata alama alikuwa ameandika juu mahali pa kwa sababu. Nilipiga mstari mwekundu chini yake mara mbili.

Ijumaa ikapita. Jumapili asubuhi wakanipigia kwamba umeondoka. Sisi hatumweki maiti, na Isiolo haikungoji. Walikuzika kabla ya alasiri, mimi nikafika jua linazama. Nilikuta udongo umenyunyiziwa maji. Sikuuona hata uso wako. Wanawake walinishika mikono, wakaniambia nisubiri, nishukuru, na mimi nilikuwa nauliza kila mtu kitu kimoja: Ijumaa alikuwa anataka nini? Hakuna aliyejua. Mama Ralia akaniambia tu kwamba siku ile hukwenda sokoni. Ulifagia mpaka uani. Ulifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa kijiti, ukajaza, ukakaa mlangoni mpaka adhana ya magharibi. Wakikuuliza, unasema unangoja mtu.

Kibuyu nilikikuta. Maziwa yalikuwa yameganda. Niliyanywa yote nikiwa nimesimama, na tumbo likaniuma siku mbili.

Labda kifua kilikuwa kinakubana na hukutaka kuniambia kwa simu. Labda daktari alikuwa amekuambia neno. Labda ulikuwa na habari njema, au umemwota marehemu baba, au ulikuwa na maziwa mazuri tu na ulitaka tuyanywe pamoja. Nimejaza hiyo sentensi mara ngapi, sijui. Kila ninapoijaza najua ni mimi ninayeongea, ninakuandikia tena barua ya Kiswahili fasaha.

Na sauti yako sina. Simu yako ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haikuweka chochote. Mimi mwenyewe sikuwahi kukurekodi, ningekurekodi nini, makosa? Kwa hiyo niliposikia kipindi kimeanza kurudiwa nilianza kuhesabu Jumamosi. Sauti yako iko mahali pamoja tu duniani, ndani ya Karata ya Mwisho.

Kuna kundi mtandaoni la mashabiki wake. Ungewapenda. Wanabishana kuhusu suti za mtangazaji, kama ile ya bluu ilikuwa ya kwake au ya kuazima. Wanabishana kama karata zilikuwa zinapangwa. Kuna Bi Zawadi wa Voi, ambaye ndiye mkuu wa kundi na anafukuza watu wenye matusi. Kuna mzee mmoja wa Karatina, Njogu, ambaye tangu zamani aliandika matokeo ya kila kipindi kwenye daftari. Ukimuuliza fulani aliangukia karata ya ngapi, anafungua daftari anakujibu. Nikaingia humo kwa jina la herufi mbili, nikanyamaza.

Nikakukuta. Kumbe wewe ni maarufu, mama. Wanakuita Mama wa Juu. Mtu akifanya ujinga wowote kwenye kundi, mwingine anamwandikia, “Umefanya Mama wa Juu.” Kwa Njogu uko kwenye daftari kwa wino: Isiolo, mwanamke, karata ya saba, alisema juu mbele ya kingi, hakuelewa mchezo. Mwingine akasema watu wa kaskazini Kiswahili kinawasumbua. Mwingine akasema, hapana, yule mama ni Mwislamu, dakika ya mwisho aliogopa kushinda kwa karata, akajiangusha makusudi. Hiyo niliipenda kwa siku kadhaa. Ilikufanya uwe na sababu.

Kitu kilichonichoma ni kwamba wote wanaandika juu. “Nakipenda hiki kipindi juu kilinilea.” “Sikuona jana juu stima ilienda.” Nchi nzima sasa inaongea kama wewe, wadogo kwa wakubwa, na hakuna anayemcheka mwenzake. Kidole changu kilikuwa kinaenda chenyewe kusahihisha, kisha nakikunja.

Wiki iliyopita walipotangaza kwamba kipindi chako ndicho kinafuata, msichana mmoja wa Kayole anaitwa Shiko, msusi, akaandika: “Nyinyi wazee hamsikii? Huyo mathe hakuwa anajibu. Ameulizwa mbona anachelewa, akaanza kusema juu. Hiyo juu si ya karata, ni ya kueleza. Si sisi wote huongea hivyo?”

Kisha Bi Zawadi akaandika, “Subhanallah. Sasa juu nini?”

Hapo wakashikana. Juu nimechoka. Juu nina hofu. Juu taa zinaniumiza. Wakapiga kura, mama, watu wazima wenye kazi zao, juu ya maneno ambayo mimi niliyasikia kwa masikio yangu juu ya meza ya hoteli Nanyuki. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Nilisema nitangoja Jumamosi. Nilikuwa na tumaini la kipumbavu, na wewe peke yako naweza kukuambia: nilidhani nikikusikia ukiisema juu ile, labda nitasikia na ile ya pili. Kwamba sauti itanionyesha ilikuwa inaelekea wapi.

Leo wakaja. Mama Ralia na wanawake wa maziwa, wameacha madumu mlangoni, wamekaa mkekani kama zamani, ila sasa ni nyumba yako na wewe ndiye uliyekuwa kwenye televisheni. Nilipika chai nikaitia kwenye ile chupa ya maua mekundu. Bado inashika moto. Ulipotokea na ile dirac ya zambarau, Mama Ralia akapiga kofi pajani. “Nguo yangu hiyo,” akasema, kisha akaanza kulia.

Ulikuwa kijana, mama. Hakuna aliyeniambia ulikuwa kijana. Umri wako pale studio ndio wangu leo.

Nilihesabu maneno yako. Ulisalimia, ulisema jina, ulisema unauza maziwa. Ukasema chini, juu, juu, chini, juu. Kingi ikatoka. Ukaangalia watu. Kamera ikaonyesha safu ya pili sekunde moja, na nilikuwepo, msichana ameuma mtandio. Mtangazaji akauliza. Wewe ukasema, “Juu...”

Na Mama Ralia, bila kufikiri, akainama mbele akaiuliza televisheni: “Juu nini, Kabale?”

Wanawake wote walikuwa wameinama kama yeye. Hakuna aliyesikia karata. Walisikia mtu anaanza kuongea, wakanyamaza wamsikilize. Kengele ikalia, matangazo ya sabuni yakaingia, na wao wakabaki wananiangalia mimi, wanangoja.

Nikawaambia. Nikawaambia yote ya Nanyuki, maneno yako yalivyo, sijawahi kaa na yote, sikusahihisha hata herufi. Mama Ralia akapangusa uso kwa mtandio. Kisha akasema kitu ambacho hakukusudia kuniumiza nacho, na ndiyo maana kiliniingia mpaka ndani.

“Kabale aliongea sana zamani. Baadaye aliacha. Tukikaa sokoni, wewe ukipiga simu, alikuwa anaenda nyuma ya kibanda aongee huko. Alisema Kiswahili yake ni mbaya, ataaibisha mwalimu. Siku ile ya Jumanne nilimsikia anajifunza kwanza, anarudia rudia peke yake kabla ya kupiga.”

“Alikuwa anarudia nini?”

“Sikusikiliza, mwanangu. Nilikuwa nauzia mtu maziwa.”

Kumbe yule mwanamke aliyekuwa anabishana bei nyuma yako alikuwa anabishana na Mama Ralia. Hatua tatu kutoka kwako. Na mimi masikioni mwako. Na hakuna kati yetu aliyesikia.

Walipoondoka niliandika kwenye kundi. Nilisema mimi ni nani na wewe ulisema nini. Sikuongeza neno. Wa kwanza kujibu alikuwa mzee Njogu. Alipiga picha ukurasa wa daftari lake: amepiga mstari mmoja juu ya maneno hakuelewa mchezo, na chini yake ameandika, Hakujibu. Alikatizwa. Shiko akakuandikia wewe, “Pole, mathe. Tumeskia sasa.” Wengine wakafuata, mmoja mmoja, watu wa Voi na Karatina na Kayole na kwingine nisikokujua, na hakuna aliyefanya mzaha.

Kwa hiyo ile yako ya studio imekwisha, mama. Imepata wenyewe. Watu ambao hawakukujua wamekunyamazia, ingawa wamechelewa. Laiti ningekuwa na furaha ya kukuambia habari hiyo. Sina. Yule mtangazaji alikukatiza mara moja, na mzee wa Karatina amemsahihisha. Makosa yangu hayako kwenye daftari la mtu, na yule wa kunisahihisha nimemzika bila kumwona.

Hapa miguuni pangu kuna mkoba wenye insha za kidato cha pili. Nimekuja nazo likizo na bado sijazimaliza. Nimejaribu jioni hii. Kila ukurasa una juu. Hakwenda shule juu mvua ilinyesha. Alilia juu mbuzi wake alikufa. Walimpenda juu alikuwa na roho safi. Kalamu nyekundu iko hapa, siwezi kuitumia. Nikifika kwenye juu nasimama, nangoja. Na kila mtoto anamaliza yake. Kila mmoja, hata yule mjinga wa mwisho darasani, anamaliza yake.

Adhana ya magharibi imeanza. Nimeweka kiti chako mlangoni nikakaa hapo ulipokaa siku ile, na kibuyu nimekifukiza, vibaya, moshi umenijaa machoni. Ijumaa yako imepita zamani, mama, najua. Lakini nimekuja, juu uliniita.

Mungu akulaze pema, mahali watu wamenyamaza.

Ni mimi binti yako Talaso,
yule uliyemwita mwalimu.